Nifundisheje wanafunzi wa udaktari huku foleni ya wagonjwa ikinisubiri?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni daktari katika kituo cha afya huku wilayani, mwaka wa nne sasa tangu nimalize intern, yale mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo. Chuo kimoja kimeniomba niwe mkufunzi wa muda: siku mbili kwa wiki nipokee wanafunzi wa mwaka wa nne, wanne kwa pamoja, wajifunze kuhudumia wagonjwa wa nje. Moyo unataka. Lakini asubuhi foleni yangu hutoka nje ya kibaraza, na sina shahada ya uzamili. Nitafundishaje bila kuwaonea wagonjwa? Na je, watakubali kuonwa na mwanafunzi?

JIBU: Marahaba, daktari. Kubali, lakini pokea wawili, si wanne. Na usianze kabla hujaketi na chuo pamoja na mganga mfawidhi wako mkaandikiana.

Hofu ya uzamili iweke kando. Mabingwa wa kuwafundisha hao vijana wako tele wodini. Wanachokosa ni mtu anayekutana na ugonjwa kabla haujapata jina. Mwaka 1961 mtafiti Kerr White na wenzake walipiga hesabu kwa takwimu za Marekani na Uingereza: katika watu wazima 1,000, ndani ya mwezi mmoja 750 hivi huumwa au kuumia, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, 5 hupewa rufaa kwa daktari mwingine, na 1 tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Takwimu ni za kwao na ni za zamani, lakini angalia maana yake kwa mwanafunzi. Anafundishwa udaktari kwa kumtazama yule mmoja. Kila kichwa kinachouma alichokiona wodini kilikuwa homa ya uti wa mgongo au uvimbe kwenye ubongo, kila kikohozi kilikuwa na picha ya eksirei tayari. Akimaliza intern, anapangiwa kituo kama chako, na anakutana na wale 250 kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Huko ndiko inakotoka ile tabia ya kumwandikia kila mtu malaria na taifodi.

Kwa hiyo usiwafundishe magonjwa, hayo watayasoma. Wafundishe kuamua: huyu aende nyumbani na maelezo, huyu apimwe, huyu aingie kwenye gari la wagonjwa sasa hivi.

Sasa foleni. Kinachokwamisha foleni ni mkufunzi kuacha kazi na kutoa mhadhara. Kama una chumba cha pili, hata kile cha kufungia vidonda wakati hakitumiki, mwanafunzi mmoja aanze na mgonjwa wake huko: achukue historia, ampime, aandike. Wewe unaendelea na wawili watatu chumbani kwako, mwanafunzi wa pili akiwa pembeni yako. Kisha unaingia kwa yule wa kwanza, mnamalizia pamoja, na wanafunzi wanabadilishana nafasi. Mgonjwa wa mwanafunzi atakaa muda mrefu zaidi, lakini wengine hawasimami. Wagonjwa hao wachague wewe mwenyewe asubuhi pamoja na nesi wa mapokezi. Mtoto anayehema kwa shida au mama mjamzito anayevuja damu si wa kumsubirisha mwanafunzi.

Ukiingia chumba kile, ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mimi hutumia hatua tano za kumfundisha mwanafunzi mbele ya mgonjwa, alizoziandika daktari Jon Neher na wenzake mwaka 1992, kwa sababu zinatosha katika dakika tano hivi. Tuseme ni mama wa miaka 43, kichwa kinamuuma tangu miezi mitano. Mwanafunzi anakuletea historia na kunyamaza, akingoja useme. Usiseme. Muulize: “Wewe unadhani ana nini, na ungemfanyia nini?” Hii ndiyo hatua ya kwanza na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu jibu liko ulimini mwako na foleni inakuita. Vumilia. Mwanafunzi asiyewahi kulazimika kusema “mimi nadhani” hajafundishwa, ametembezwa tu.

Anajibu: “Malaria sugu, labda na taifodi. Tumpime malaria na Widal.” Hatua ya pili: “Umeona nini kinachokupeleka huko?” Hapo ndipo inapojitokeza kwamba mgonjwa hana homa, kipimajoto hakikutumika, na kwamba Widal, kipimo cha damu cha taifodi, imetajwa kwa mazoea. Usimkemee. Muulize nini kingine kinaweza kuwa, na dalili gani zingekutisha katika kichwa cha namna hii: kilichoanza ghafla kwa nguvu kuliko vyote alivyowahi kuumwa, homa na shingo kukakamaa, kudhoofika upande mmoja, macho kufifia, ujauzito, upungufu wa kinga. Mpime presha mbele yake. Kisha mgeukie mama na muulize, mwanafunzi akisikia, ni dawa gani anameza. Atataja Panadol na diklofenaki za duka la dawa, karibu kila siku, tangu zamani.

Hatua ya tatu ni kanuni moja, moja tu: kichwa cha muda mrefu, uliza kila dawa, ya hospitali, ya dukani na ya miti shamba, kwani dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe zinaweza kukiendeleza kichwa. Sura nzima ya maumivu ya kichwa atakwenda kuisoma jioni. Ya nne, mwambie alichofanya vizuri, kwa kukitaja: “Ulimwacha amalize kueleza kabla hujauliza.” Neno “vizuri” likiwa peke yake halimsaidii. Ya tano, msahihishe: joto na presha kabla ya maabara, na kipimo kiwe na swali kinalolijibu. Masahihisho yenye uzito msahihishe mkiwa wawili. Ukimwaibisha mbele ya mgonjwa unapoteza wote wawili.

Mama huyo hakuhitaji maabara kujulikana tatizo lake, na hilo lisisitize. Mwaka 1975 Hampton na wenzake nchini Uingereza waliwafuatilia wagonjwa 80 wapya wa kliniki ya nje: kwa 66 kati yao, historia peke yake, pamoja na barua ya rufaa, ilifikisha kwenye utambuzi uliothibitika baadaye. Kwenye kituo ambacho vitendanishi, yaani dawa za kupimia maabara, huisha katikati ya mwezi, hiyo ni habari kubwa kwa mwanafunzi.

Na asitoke chumbani kabla hajamweleza mama lini arudi na dalili gani zimrudishe hata usiku. Wodini hafundishwi hili, kwani mgonjwa yupo kitandani kesho. Kwako, mgonjwa akitoka getini umebaki na maneno uliyompa tu. Mwambie mwanafunzi amwombe mama arudie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa.

Usipokuwa na chumba cha pili, mwanafunzi atakaa pembeni, lakini asikae bure. Mpe kazi ya macho na masikio. Beckman na Frankel walionyesha mwaka 1984 huko Marekani kwamba madaktari walimkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Mwambie akuhesabie wewe sekunde hizo asubuhi nzima. Mtajifunza nyote.

Kuhusu ridhaa: wagonjwa wengi watakubali, mradi waombwe na mtu mwingine, mwanafunzi akiwa hayupo, na waelezwe kwamba wakikataa hawatapoteza nafasi kwenye foleni. Nesi wa mapokezi anafaa kwa hilo. Ukimuuliza mama huku kijana wa koti jeupe amesimama mlangoni, umemlazimisha kwa adabu. Uchunguzi wa sehemu za siri au matiti uombewe ridhaa yake peke yake, na awepo mhudumu wa kike. Kama mwanafunzi anatoka mtaa uleule, mgonjwa ajue, na mwanafunzi akumbushwe siri siku ya kwanza, si baada ya maneno kuenea.

Yale ya kuandikiana sasa. Mwanafunzi hana leseni; dawa, rufaa na maelezo yote kwenye faili ni juu ya saini yako, na hivyo lazima umwone kila mgonjwa wake kwa macho yako kabla hajaondoka. Andikeni idadi ya wanafunzi, saa, nani anashika foleni yako ukifundisha (afisa tabibu mmoja akusaidie siku hizo), malipo na lini yanatolewa, na ni nani chuoni wa kumpigia mwanafunzi akionyesha tatizo. Hilo la mwisho lidai kwa nguvu. Wakufunzi wa muda huogopa kumfelisha mtu, basi hujaza fomu alama za wastani, na daktari dhaifu anapita. Mtazame kila mmoja akiwa na mgonjwa mwanzo hadi mwisho walau mara moja kila wiki, andika ulichokiona siku hiyohiyo, na ukiona hatari toa taarifa wiki ya pili, wakati bado anaweza kusaidiwa.

Kuhusu siku, usikubali Jumatatu. Baada ya Jumamosi na Jumapili foleni ni ndefu mno kujaribia mfumo mpya. Omba Jumatano na Alhamisi, na wiki ya kwanza punguza nusu ya wagonjwa unaowagawia wanafunzi, hata kama chuo kinataka waone wengi.