Kabla ya kununua lori, nunua flanji

Juzi kijana mmoja wa Jinja ameniandikia: “Kaka, nataka lori la kunyonya majitaka nihudumie meli pale Port Bell. Nianzie wapi?” Port Bell, kwa asiyeijua, ni bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria. Najua wengi wenu mnaiwaza kazi hiyo hiyo. Mdogo wangu, anzia kwenye maungio, yaani flanji: ile sahani ya chuma yenye matundu ya boliti inayounganisha bomba la meli na mpira wako.

Meli yangu ya kwanza ilikuwa na flanji ya kipimo cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue maji: upana milimita 210, matundu manne ya boliti, ili ifungane na bandari yoyote duniani. Mimi nilikuwa na mpira wa kunyonyea tu. Fundi akanichongea adapta, kipande cha kuunganisha mpira na flanji, matundu yakapishana. Tukafunga boliti mbili, tukazungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Watu wa meli walikuwa na haraka. Nikasema itashika.

Haikushika. Pampu ilipowashwa mpira ulijinyoosha, ukaruka, na kinyesi kikatapakaa gatini hadi majini. Pembeni mama mmoja alikuwa ameanika mukene wake, wale dagaa wa ziwani. Hakunitukana. Aliinama akaanza kukunja turubai pole pole, mukene wote ndani, akaenda kuutupa. Ng'ambo ya ghuba ni Ggaba, Kampala inakochota maji ya kunywa. Wanangu wanayanywa hayo.

Gharama za usafi nililipa peke yangu, na yule aliyenihimiza niharakishe alisema hanijui. Inaniuma mpaka leo.

Miaka ya katikati siwachoshi nayo. Wiki iliyopita nimemaliza meli ya tano mfululizo bila tone kudondoka, na ninajivunia.

Kwa hiyo sikiliza. Flanji sahihi kwanza, lori baadaye. Boliti zote nne, gasketi mpya, ule mpira wa kuziba katikati ya flanji. Meli ianze kusukuma taratibu, na mtu wako asiondoke kwenye valvu. Ukimaliza, suuza mpira kwa maji safi kabla ya kuufungua. Usichungulie tangi: harufu ya yai viza ikikatika ghafla, hewa haijawa safi, ni gesi imeua pua yako, na inayofuata ni roho. Halafu rudia kukagua boliti. Zote nne!

Tusilifanye ziwa choo, jamani. Maji yake yana njia moja tu ya kutokea, Mto Nile, hapo hapo kwenu Jinja. Nikimwaga kinyesi huku, kinapita mlangoni kwako.

Njoo siku moja nikuonyeshe. Ile adapta mbovu nimeitundika ndani ya lori, upande wa dereva.