Ada ya chuo na wazimamoto wa kujitolea

Ndugu, umeuliza kama kuwalipia vijana wa Marekani ada ya chuo kunaleta wazimamoto wa kujitolea kweli, au watu wanaotafuta kulipiwa ada tu. Kwa maoni yangu, jibu limo katika masharti. Mwaka 2020 takriban asilimia 65 ya wazimamoto wa nchi hiyo walikuwa wa kujitolea, na vikosi vya miji midogo huwakosa hasa vijana, ambao huhama kufuata masomo na kazi. Ndiyo maana FASNY, chama cha wazimamoto wa jimbo la New York, kilianzisha mpango wa kuwarejeshea ada wanaosoma vyuo vya miaka miwili, mradi wafaulu na waendelee kutumika kikosini. Sharti hilo la pili humchuja mapema asiye na nia. Ninachokithamini zaidi ni kwamba vyuo hivyo huwa karibu na nyumbani, hivyo kijana hubaki. Huko College Park, Maryland, wanafunzi huishi bure ndani ya kituo cha zimamoto na kushika zamu. Hofu yangu ni fedha: mpango wa FASNY ulitegemea ruzuku ya serikali kuu iitwayo SAFER, ambayo huombwa kwa ushindani, kwa hiyo kikosi kisimwahidi kijana ada kabla ruzuku haijathibitishwa.