Maswali ya Wasomaji: Je, Mofini ni Dawa ya Kumuaga Mgonjwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 71, na amegundulika kuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mifupa ya nyonga na mgongo. Mchana anajikaza, lakini ukifika usiku analia kama mtoto, nasi tulio naye hatulali. Hospitalini tumepewa mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, anywe kila baada ya saa nne. Baba mdogo ameikataa, anasema ni dawa ya kumuaga mtu, na kwamba baba akiizoea atakuwa teja. Naomba unieleze maumivu haya yanatoka wapi, kwa nini yanazidi usiku, na kama nikimpa dawa hiyo nitakuwa nimemkosea mzazi wangu.
Binti wa mgonjwa, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuuguza. Nianze na hilo linalokunyima amani: kumpa baba yako mofini kwa kipimo alichoandikiwa si kumkosea. Kumwacha alie usiku kucha ilhali dawa ipo kabatini ndiko ninakokuhofia zaidi.

Saratani inapoingia kwenye mfupa huvuruga ujenzi wake na kumwaga kemikali zinazoamsha ncha za mishipa ya fahamu, huku utando unaoufunika mfupa, ambao una mishipa hiyo kwa wingi, ukivutwa na kubanwa. Taarifa hizo hupanda hadi kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo, na huko ndiko mtu anakosikia maumivu. Hazifiki zote kama zilivyotoka. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango, ambalo huweza kufunguliwa zaidi au kufungwa kwa taarifa za mishipa mingine na kwa amri zinazoshuka kutoka ubongoni. Ndiyo maana mtu akijigonga goti hulisugua papo hapo bila kufundishwa na yeyote, na maumivu hupungua.

Sasa utaelewa habari ya usiku. Mchana baba yako ana wageni wanaokuja kumjulia hali, ana redio, ana wajukuu wanaopita mlangoni. Usiku vyote hivyo huondoka, anabaki na giza, hofu ya ugonjwa na mawazo ya familia atakayoiacha, na hapo lango hufunguka. Daktari Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mjini London mwaka 1967, alisisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii yana sehemu ya mwili, ya akili, ya jamii na ya roho kwa pamoja. Kwa hiyo kaa naye, zungumza naye, na ikiwa anamhitaji shehe au padri, mwiteni mapema. Hata hivyo, nisisitize kwamba mazungumzo hayachukui nafasi ya dawa.

Mofini hufanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali palepale ambapo kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu hukaa. Sifa yake mbaya, kwa maoni yangu, imetokana na sisi wahudumu wa afya zaidi kuliko dawa yenyewe. Kwa miaka mingi tuliiweka hadi siku za mwisho kabisa, na watu wakaona mgonjwa akipewa leo, kesho anafariki, wakahitimisha kwamba dawa ndiyo iliyomuua. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba maumivu ya saratani yatibiwe kwa dawa za kunywa, kwa kufuata saa, na kwa kupanda kutoka dawa nyepesi hadi zenye nguvu kadiri maumivu yanavyodai. Kwa jirani zetu Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akitumia mofini ya maji inayotengenezwa kwa unga na maji, ili mgonjwa atunzwe kwake nyumbani bila kuchomwa sindano.

Kuhusu uteja, tutofautishe mambo mawili. Mwili wa mtu anayetumia mofini kwa wiki kadhaa huizoea, na ndiyo sababu haipaswi kukatizwa ghafla, bali hupunguzwa kidogokidogo chini ya usimamizi. Uteja ni kuikimbilia dawa kwa ajili ya raha yake na kushindwa kuiacha hata inapokuharibia maisha, na hali hiyo hutokea mara chache kwa mgonjwa wa saratani anayeitumia kutuliza maumivu huku akifuatiliwa na wataalamu.

Mpe kwa saa, hata kama wakati huo hajalalamika, kwa sababu maumivu yakishapanda hudai dawa nyingi zaidi kuyashusha. Pima kwa bomba lililotolewa na hospitali, kamwe usitumie kijiko cha jikoni. Muulize daktari kama anaweza kuongezewa kipimo cha kulalia, maana wagonjwa wengi huandikiwa hivyo ili wasiamshwe usiku wa manane. Weka daftari la saa na kipimo, na umwombe baba aonyeshe maumivu kwa vidole vya mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni yale yasiyovumilika. Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kusinzia au kusikia kichefuchefu, na hali hiyo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, hivyo anahitaji dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Kama hamkupewa, rudini mkaidai. Akilala usingizi mzito asiweze kuamshwa, au akipumua polepole mno, mpelekeni hospitali mara moja. Chupa ikae mbali na watoto.

Ulizeni pia kuhusu mionzi. Kwa maumivu ya mfupa ulioingiwa na saratani, hata dozi moja ya mionzi huweza kumpa mgonjwa nafuu kubwa, na matibabu ya mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Na hili usilisahau: miguu ikilegea au ikifa ganzi, au akishindwa kukojoa, huenda uti wa mgongo unabanwa, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Baba mdogo usibishane naye. Anamwogopea kaka yake. Mwombe mfuatane kliniki ya tiba shufaa, yaani ya kuwapunguzia maumivu na mateso wagonjwa kama baba, ayaulize maswali yake mwenyewe.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori. Mgongo unaniuma kwa miezi mitano na kila siku nameza diklofenaki, dawa ya maumivu ninayonunua duka la dawa. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Je, maumivu haya ni ya kufikirika?
Msomaji, Tunduma

JIBU: Hapana, ndugu yangu, maumivu yako ni ya kweli. Eksirei huonyesha mifupa, lakini haionyeshi misuli iliyochoka wala mishipa ya fahamu iliyokuwa kali kupita kiasi kwa kuchokozwa muda mrefu, na maumivu mengi ya mgongo hayana kasoro inayoonekana pichani. Usijilaze kitandani siku nzima. Tembea, shuka garini ujinyooshe kila unapopata nafasi, na tumia kitambaa cha maji ya moto jioni.

Kinachonitia wasiwasi ni diklofenaki. Ikitumika kila siku kwa miezi, huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kutoka damu tumboni, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, mara nyingine bila dalili yoyote ya mapema. Nenda kituo cha afya wiki hii upimwe shinikizo la damu na figo, ueleze wazi kwamba umeitumia miezi mitano, na kama choo chako kimekuwa cheusi kama lami, usisubiri hadi safari inayofuata iishe.