Diploma ya maabara na masta ya sayansi za tiba
Mdogo wangu, umeuliza kama diploma ya maabara na miaka sita ya kazi vinatosha kuombea masta ya sayansi za tiba hapa Kampala. Havitoshi. Lazima uwe na shahada ya kwanza, kwa kawaida daraja la pili kwenda juu. Uzoefu ni nyongeza tu. Kama shahada yako uliisomea nje ya Uganda, ipeleke NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, mapema ilinganishwe na za hapa. Vipindi vya darasani wengi huvimaliza. Tasnifu, ule utafiti wa mwisho, ndiyo inayowachelewesha watu: damu ya mgonjwa huigusi bila kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Mimi pendekezo langu la utafiti lilirudishwa mara mbili, kisa fomu ya ridhaa ya mgonjwa haikuwa na tafsiri ya Kiganda!