Siri za Jaladani na Chai ya Saa Nne

SWALI: Shikamoo mama mshauri. Mimi ni Msaidizi wa Kumbukumbu katika masijala, yaani chumba cha kutunzia majalada, ya ofisi moja ya serikali mkoani Dodoma, na nimo katika mwezi wa saba wa kipindi changu cha majaribio. Tangu nianze kazi, wenzangu, ambao wengi wao ni wakubwa kwangu kwa umri, huniuliza wakati wa chai ya saa nne nani amepata barua ya uhamisho, nani anapandishwa daraja na nani ametakiwa kutoa maelezo. Mwanzoni nilikuwa nikicheka tu na kubadilisha mazungumzo. Mwezi uliopita niliacha kabisa kwenda kunywa chai nao, na sasa nasikia kwamba ninayesemwa ni mimi: eti naringa, na eti nimewekwa na mkuu wa idara niwachunguze. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba wiki iliyopita mkuu huyo aliniita, akaniuliza watumishi wanasemaje juu yake. Nifanyeje ili nisiingie katika majungu haya, na wala nisionekane adui wa kila mtu?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na jambo ambalo huenda hukulitarajia: hukukosea kukataa kusema, ulikosea kuacha chai. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kila mtumishi mpya hutazamwa kwa jicho la pembeni. Lakini mgeni anayeshika majalada ya wenzake, kisha akajitenga nao, atatungiwa hadithi hata na wale ambao hawakuwa na neno naye. Rudi mezani. Zungumza nao bei ya unga, mvua iliyochelewa, mechi ya Simba na Yanga, maana umbeya haukwepwi kwa kuwakwepa watu.

Ugumu wako ni wa aina yake. Mtumishi mwingine akisema jambo la mwenzake, husikilizwa kama mmoja wa wasemaji wengi. Wewe ukisema, au hata ukitabasamu, watu huamini kwamba habari imetoka jaladani. Wanaokuuliza mara nyingi hawatafuti habari mpya. Wameshaisikia kwenye ngazi, na wanachotaka kwako ni muhuri. Ndiyo maana ukijibu leo kwamba fulani hajapata barua, kwa kuwa ni kweli hajapata na unaona hakuna madhara, halafu kesho ukaulizwa juu ya mwingine ukanyamaza, utakuwa umekwisha jibu. Kwa hiyo jibu lako sharti liwe moja kila siku, barua iwepo au isiwepo: “Dada, ya jaladani siyasemi, hata kama hakuna kitu.” Liseme huku ukicheka, na kwa heshima anayostahili mkubwa wako, lakini usilibadilishe. Usiseme hujui, kwa sababu barua imepita mikononi mwako na wewe ndiye uliyeipa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada. Itakapojulikana, utaitwa mwongo pamoja na kuitwa mwenye maringo.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa karani kijana, mwenzangu aliniuliza kama jina la mama mmoja limo katika orodha ya wanaohamishwa. Sikutamka neno, niliinua nyusi tu. Kufikia saa saba mchana, yule mama alikuwa ameshapigiwa simu na nduguye akiulizwa anahama lini, ilhali barua yenyewe ilikuwa haijatiwa saini, na baadaye jina lake likaondolewa. Hakunisamehe mpaka nilipoondoka pale. Kwetu Pwani, aliyebeba maneno husutwa hadharani, kwa nyimbo na kwa kanga yenye jina linalomlenga, na akishasutwa angalau kila mtu anajua kilichosemwa. Ofisini hakuna wa kumsuta mtu. Watu huendelea kusalimiana huku wamenuniana kwa miaka.

Watakuambia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi methali hiyo siipendi inapotumiwa kazini, kwa kuwa mara nyingi huko kuja huletwa na wasemaji wenyewe: mtu akisemwa miezi miwili kwamba ataondolewa, hukata tamaa, akaanza kuchelewa, na barua ya kujieleza ikamfikia kweli.

Sheria nayo inakulinda, na si aibu kuitaja pale unapobanwa. Una kiapo cha kutunza siri, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inahusu pia taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma. Nawe bado umo ndani ya ile miezi 12 ya majaribio. Barua moja iliyopigwa picha kwa simu na kurushwa katika kundi sogozi la WhatsApp inaweza kukufanya usithibitishwe kazini.

Kwa mkuu wa idara ndipo ninapokuhofia zaidi. Anayepeleka maneno juu hupendwa kwa muda mfupi, kisha yule aliyepelekewa huanza kujiuliza ni maneno yake yapi yanayopelekwa chini. Mwambie kwa adabu kwamba jambo la kazi, kama vile jalada kupotea au barua kukaa mezani bila kushughulikiwa, litaripotiwa bila kusubiri kuulizwa, ila mazungumzo ya chai huyatilii maanani. Akikuita tena kwa jambo lilelile, mweleze msimamizi wako wa masijala. Usiogope kwamba nawe utakuwa umeanza majungu: unamweleza mtu mwenye dhamana ya kulishughulikia jambo hilo, unataja ulichokisikia kwa masikio yako mwenyewe, na unaweza kukirudia mbele ya mhusika bila kupunguza wala kuongeza.

Na hilo la kwamba umewekwa uwachunguze, usizunguke ukilikanusha kwa mmoja mmoja, maana kila unayemkanushia atakuwa amepata la kupeleka kwa mwingine. Kesho saa nne chukua kikombe chako, ununue na maandazi ya meza nzima ikiwa mfuko unaruhusu, ukae palepale ulipokuwa ukikaa.