Shubiri ya Moroto: ngoja maua, punguza maji

Dada, umeuliza kama shubiri uliyopewa hapo Moroto, Karamoja, ndiyo ile ya dawa, yaani Aloe vera, na kwa nini majani ya chini yanalainika. La kwanza, ngoja maua. Aloe vera huchanua njano. Yakija mekundu au ya rangi ya chungwa, huenda una aina nyingine. Madoadoa yasikudanganye, hata Aloe vera changa huwa nayo. Na Karamoja ina za kwake za porini, mfano Aloe tweediae. Kata ncha ya jani moja: ukikuta nyuzi ngumu za katani, hiyo si shubiri kabisa, ni jamii ya mkonge. Ule utomvu wa njano mchungu usiuonje, unaharisha vibaya.

Kulainika mara nyingi ni maji kuzidi. Mimi nilipoanza hapa Kampala nilimwagilia kila jioni kama sukuma wiki, nikaozesha miche minne. Ing'oe, kata mizizi myeusi mpaka ufike penye weupe, iache kivulini siku nne tano kidonda kikauke. Kisha changanya udongo na mchanga wa mto nusu kwa nusu, ongeza kokoto, pandisha tuta, panda juu yake. Wiki ya kwanza usitie hata tone. Baadaye chomeka kidole; kikitoka na unyevu, weka ndoo chini, usimwagilie.

Za porini usizing'oe, omba machipukizi kwa jirani.

Ikichanua tupe picha ya ua kwa karibu, na ya shina zima la ua tuone kama lina matawi.