Fuata Majina: Ninavyotafuta Muziki Mpya na Ninapoupakua

Jamaa na marafiki huniuliza mara kwa mara nimeupata wapi wimbo fulani ambao wao hawajausikia popote, na jibu langu huwa ni lile lile: nimesoma majina. Programu za kusikilizia muziki, iwe ni Boomplay, Audiomack, YouTube au Spotify iliyofunguliwa rasmi Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, humpendekezea msikilizaji nyimbo kwa kuangalia alichokwisha kusikiliza yeye pamoja na watu wenye mwelekeo kama wake. Utaratibu huo unamfaa anayetaka kuongezewa kile anachokipenda tayari. Kwa anayetafuta asichokijua ni dhaifu, na unazidi kuwa dhaifu kwa muziki wetu, ambao mara nyingi hupandishwa mtandaoni bila jina la mtunzi, la mtayarishaji wala la wapigaji ala.

Kwa hiyo wimbo unaponigusa, siendi moja kwa moja kwenye wimbo unaofuata. Hutafuta kwanza ni nani aliyeutayarisha, umerekodiwa studio gani, nani anapiga gitaa au kinanda, kisha huyafuata majina hayo yanakonipeleka.

Singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, ni mfano mzuri. Ukimfuata mwimbaji peke yake utaishia kwa wale wachache wanaopigwa redioni, lakini ukimfuata mtayarishaji utakutana na mtaa mzima wa watu usiowajua. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na miongoni mwa waliotajwa humo walikuwemo Bamba Pana na Jay Mitta. Kila mmoja wao baadaye alitoa albamu yake, na humo wakatajwa MC na watayarishaji wengine. Kwa kumfuata Duke, mtayarishaji mwingine wa singeli, nilimfikia MC aitwaye MCZO. Huu ni muziki unaokimbia kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba wote ni mmoja. Majina ndiyo yaliyonifundisha kutofautisha mkono wa mtayarishaji mmoja na wa mwingine.

Taarab nayo inafuatika hivyo hivyo. Mwaka 2020 ilitoka albamu ya Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarab wa zamani, na aliyeuongoza muziki wake ni Mohamed Issa Matona. Jina la Matona lilinipeleka kwenye chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) cha Zanzibar, na kwa kuwatafuta wapigaji wa kisiwa hicho nikamfikia Rajab Suleiman, mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, wa Culture Musical Club aliyeunda pia kundi lake la Kithara. Sikupendekezewa hata mmoja wa watu hao na programu yoyote.

Kuna chanzo kingine ambacho nakithamini sana, nacho ni orodha ya wasanii wa tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar kila Februari tangu mwaka 2004. Si lazima uwe na nauli ya boti wala tiketi ya kuingilia, kwa kuwa orodha hutangazwa mapema. Keti nayo, mtafute kila msanii usiyemjua, na usikilize angalau nyimbo mbili kabla ya kumwacha.

Ukishaupata muziki, linabaki swali la mahali pa kuupakua, na hapo pia huanza na majina. Fungua taarifa za faili lolote ulilolitoa kwenye tovuti za kupakua bure zilizojaa mitaani kwetu. Panapopaswa kuwa na jina la msanii pameandikwa anwani ya tovuti, picha ya albamu imefunikwa na nembo yao, na mwaka haupo kabisa. Faili la namna hiyo linaukata uzi niliokuwa naufuata, na mwenye kazi hakulipwa chochote. Ukibofya kitufe cha kupakua halafu kikakuletea faili lenye mwisho wa .apk badala ya .mp3, lifute bila kulifungua, kwa sababu hiyo ni programu na wala si wimbo.

Kwa mwenye bando dogo, Mdundo, iliyoanzia Kenya, ni njia halali: unapata faili la MP3 bila kulipa, na gharama hufidiwa kwa matangazo. Ninapotaka kuumiliki muziki kwa muda mrefu huununua Bandcamp, ambako jukwaa hukata asilimia 15 ya bei ya albamu ya kidijitali, nayo hushuka hadi 10 msanii anapouza vya kutosha. Kiasi kinachobaki, baada ya makato ya malipo, humwendea msanii au lebo yake. Kinachohitajika ni PayPal au kadi, na kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti ya pesa za simu hutosha.

Naomba msomaji asichanganye kununua faili na ile huduma ya kusikiliza bila intaneti iliyomo ndani ya programu za kulipia kwa mwezi. Nyimbo ulizozihifadhi humo hazihamishiki kwenye flashi, na malipo yakikoma nazo hufungwa.

Kuhusu ubora, dakika moja ya MP3 ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde, yaani kiasi cha data kinachobeba sauti) huchukua takriban MB 1, na ya kbps 320 huchukua takriban MB 2.4. Kwa wimbo wa kuchezea kwenye spika ya simu tofauti ni ndogo, lakini kwenye taarab kanuni na fidla huumia: sauti za juu hukwaruza na mlio wa nyuzi hukatika kabla ya wakati wake. Wimbo wa taarab wa dakika 12 kwa kbps 320 hufikia kama MB 29, na mimi huona bando hilo halikupotea. Jihadhari pia na faili la 128 lililogeuzwa kuwa 320, kwa sababu linaongezeka uzito tu. Kilichokwisha kuondolewa hakirudi.

Wapo pia wasanii wasiopatikana kwenye jukwaa lolote la kuuza, hasa vikundi vya taarab na bendi za mitaani. Hao huwaandikia moja kwa moja kwenye kurasa zao, nikawaomba bei, nikatuma kwa simu, na wengi hunitumia faili kamili kwa barua pepe. Katika ujumbe huo huo huwaomba waniandikie nani alipiga nini, kisha hujaza majina hayo mwenyewe kwenye taarifa za faili kabla ya kulihifadhi.